Damu ya Shandong, Punda wa Dodoma

Ukienda kwa tabibu wa Kichina aliyeisomea kazi yake, kule Jinan au Beijing, ukamwambia unachoka, kichwa kinazunguka ukisimama na kucha zinakatika ovyo, hatakimbilia sindano ya kutoa damu. Atakutazama uso kwanza. Atakuambia utoe ulimi nje, aangalie rangi yake na utando uliopo juu. Ataweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wako mmoja, kisha wa pili, anyamaze kidogo akisikiliza mapigo. Halafu maswali yanaanza: unalala vizuri? Unaota sana? Choo kikoje? Kama ni dada, hedhi inatoka nyingi au kidogo, imekolea au imefifia? Akimaliza hayo ndiyo anaweza kusema damu yako imepungua. Au akasema hapana, damu haina shida, tatizo ni chi.

Naeleza yote haya kwa sababu moja. Kuna punda wanachinjwa Afrika kwa jina la huo upungufu wa damu, ngozi zao zikapelekwe China zikachemshwe ziwe dawa. Hapa chuoni suala hilo likitajwa, utasikia majibu mawili tu. Wa kwanza anasema "Wachina na mambo yao". Wa pili, ambaye labda anasoma Kichina na anataka skolashipu, anasema ni utamaduni wa watu, tuuheshimu. Wote wawili hawajafungua kitabu. Mimi nasema biashara ya ngozi za punda haisimami hata ukiipima kwa mizani ya tiba ya Kichina yenyewe, na hiyo ndiyo hoja tunayopaswa kuibeba.

Sasa tuanze na chi. Katika tiba hiyo chi ni ile nguvu inayofanya mwili ufanye kazi: inasukuma, inapasha joto, inashikilia vitu mahali pake. Damu ni kile chenye majimaji kinacholisha na kulainisha. Mtu aliyepungukiwa chi anaongea kwa sauti ndogo, anatoka jasho bila kazi, anahema akipanda ngazi mbili, hamu ya kula hana na choo chake ni laini. Aliyepungukiwa damu ana uso uliopauka, midomo haina rangi, macho makavu, mikono inakufa ganzi, moyo unadunda ovyo na usingizi hauji. Kuna pia damu iliyokwama, ambayo dalili yake ni maumivu yanayochoma sehemu moja isiyohama, pamoja na ulimi wenye rangi ya zambarau. Na kuna damu yenye joto, inayotoka puani au kwenye fizi. Kila moja ina tiba yake, na ukimpa mtu wa damu iliyokwama dawa ya kuongeza damu umemuumiza tu.

Halafu hivi vitu viwili havitenganishwi. Wachina husema chi ni jemadari wa damu na damu ni mama wa chi. Maana yake, damu haiendi bila kusukumwa, haikai ndani ya mishipa bila kushikiliwa, na haitengenezwi bila wengu na tumbo kukigeuza chakula. (Wengu wao, tukumbuke, si wengu wa somo la anatomia. Ni jina la kazi nzima ya kusaga chakula na kukipeleka mwilini.) Kwa hiyo mtu akija na dalili za kukosa damu, swali la tabibu halisi ni: kwa nini damu haipo? Anavuja? Hali vizuri? Au anakula lakini wengu umechoka?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni dawa inayoitwa Dang Gui Bu Xue Tang, yaani mchemsho wa dang gui wa kuongeza damu. Inatoka kwa tabibu Li Dongyuan, katika kitabu alichokiandika mwaka 1247. Ina mimea miwili tu. Dang gui ndiyo mmea maarufu wa damu. Mwenzake, huang qi, ni mmea wa kuongeza chi. Sasa angalia vipimo: sehemu 5 za huang qi kwa sehemu 1 ya dang gui. Dawa ina jina la damu lakini karibu yote ni dawa ya chi! Li alikuwa amewaona watu wa mji uliozingirwa na vita wakifa kwa njaa na uchovu, na kazi yake yote ikajengwa juu ya wazo kwamba ukiimarisha wengu, mengine yanafuata. Na ile dawa ya msingi kabisa ya damu, Si Wu Tang, ina vitu vinne: dang gui, mzizi wa rehmania uliopikwa, mzizi mweupe wa pioni na chuan xiong. Vyote mimea. Punda hayumo.

Punda anaingia wapi basi? Anaingia na ejiao, gundi inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi mpaka iwe kipande cheusi kinachong'aa kama lami. Jina lake limetoka Dong'e, wilaya ya jimbo la Shandong. Nisiwe mnafiki: ejiao ni dawa ya kale kweli. Zhang Zhongjing, tabibu wa karibu mwaka 200, aliitumia, hasa kwa wanawake wanaovuja damu, na ilikuwa kiungo kimoja ndani ya mchemsho wa mimea kadhaa. Lakini kuna mambo mawili ambayo muuzaji hakuambii.

La kwanza, maandishi ya awali kuhusu ejiao yanataja ngozi ya ng'ombe. Punda alichukua nafasi hiyo baadaye, kadiri karne zilivyopita. Kwa hiyo anayesema punda ni nguzo ya tiba ya Kichina tangu enzi na enzi hajui historia ya dawa anayoiuza. Na ukiipeleka maabara, sehemu kubwa ya ejiao ni kolajeni, jamaa wa ile inayofanya supu ya makongoro igande ikipoa.

La pili ndilo kubwa. Vitabu vya dawa vya Wachina wenyewe vinaonya kwamba ejiao ni nzito, inanata, inakwama tumboni, na mtu mwenye wengu dhaifu asipewe kiholela. Wengu dhaifu ni nani? Ni yule anayechoka, hana hamu ya kula, choo laini. Yaani yule yule ambaye tangazo linamlenga. Ejiao inauzwa leo kama peremende, kama biskuti yenye ufuta na jozi, kama zawadi ya kumpelekea mama mkwe kwenye boksi jekundu. Ulimi haujatazamwa, mapigo hayajasikilizwa, hakuna aliyeulizwa kuhusu choo. Tiba nzima iliyojengwa juu ya kumchunguza mtu mmoja mmoja imegeuzwa bidhaa ya rafu, mnunuzi anajipima mwenyewe kwenye kioo. Li Dongyuan angeshangaa.

Hiyo rafu ndiyo inayomaliza punda. China mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na punda karibu milioni 11. Miongo mitatu baadaye wamebaki chini ya milioni 3. Punda jike anabeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, kwa hiyo huwezi kumfuga kama kuku wa kisasa. Kiwanda kikikosa ngozi kwao kinatafuta kwa wengine, na wengine ni sisi. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilikadiria mwaka 2024 kwamba sekta hii inahitaji ngozi zisizopungua milioni 5.9 kwa mwaka. Kenya ilifungua milango ya machinjio mwaka 2016, na kabla ya miaka mitatu kuisha, kwa hesabu za shirika lao la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, punda takribani laki 3 walikuwa wamekwenda. Serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikatengua marufuku hiyo mwaka uliofuata. Kwetu machinjio yalikuwa Dodoma na Shinyanga, na mwaka 2021 uchinjaji ukasimamishwa. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakapitisha katazo la miaka 15 kwa bara zima.

Kuna mwenzangu aliyenibishia: "Lakini mkulima si analipwa? Mbona ng'ombe mnakula?" Swali zuri. Jibu ni kwamba ng'ombe ana soko linalomrudisha, punda hana. Huyu ni gari la maji, ni toroli la kuni, ni usafiri wa mahindi kwenda mashineni. Ukimwuza leo kwa bei nzuri, kesho bei ya punda mwingine imepanda kuliko hiyo uliyolipwa, na ndoo inarudi kichwani. Na kichwa cha nani, tunajua. Hapo sijazungumzia wanaoamka asubuhi wakakuta punda amechunwa porini, kamba tu imebaki. Jambo linalonikera ni kwamba mwanamke huyo wa kijijini, akibeba ndoo hiyo kila siku huku anakula ugali na mboga kidogo, ndiye tabibu wa Jinan angemtazama ulimi akasema: wengu umechoka, damu hakuna.

Wengine wanasema tukisema haya tunawaimba wazungu. Sioni hivyo. Nimetumia vitabu vya Wachina, na tiba yao imeshatufaa: artemisinini, dawa ya malaria iliyompatia Tu Youyou Nobeli mwaka 2015, ilianza na mmea uliotajwa kwenye maandishi ya zamani ya China. Aliuchukua mmea, akaupima, akatupa kisichofanya kazi. Ndivyo ninavyotaka ejiao itendewe.

Neno moja kwa wale wanaosubiri boom litoke wakanunue kopo la "dawa ya Kichina ya damu" mjini. Upungufu wa damu wa tabibu wa Kichina na upungufu wa damu wa hospitali si kitu kimoja. Unaweza kuwa na macho makavu na usingizi wa shida huku hemoglobini yako iko sawa kabisa. Unaweza pia kuwa na hemoglobini ya chini kwa sababu ya minyoo ya safura, malaria, hedhi nzito au seli mundu, na hakuna gundi itakayoitoa minyoo tumboni. Nenda kapime picha ya damu kwanza. Choya na matembele endelea navyo, havina ubaya, ila navyo havisomi majibu ya maabara.

Kinachobaki ni kazi. Katazo la Addis halina maana kama ngozi zinapita mpakani usiku zikiwa zimeandikwa ng'ombe, na wenzetu wa sheria wangeweza kutueleza ni nani hasa anawajibika kulitekeleza. Wenzetu wanaosoma Kichina nina ombi kwao. Yale maonyo kuhusu ejiao na wengu dhaifu yapo kwenye vitabu vya kiada vya vyuo vya tiba vya China, si siri. Yatafsirini kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu unatosha, jarida hili litauchapa. Siku mtakapokwenda huko kwa skolashipu, mkakaribishwa biskuti za ejiao, mwulizeni mwenyeji wenu kwa adabu: aliyeuandaa mfuko huu alikutazama ulimi?