Saratani ya korodani: Haya isitupotezee vijana wetu

Sifa njema zote anastahiki Allah (Subhaanahu Wataala), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.

Wiki hii tunawaelekea akina baba na vijana wa kiume. Kurasa za familia huzungumzia mara nyingi afya ya mama mjamzito, saratani ya matiti na ya shingo ya kizazi, na ni haki kuyazungumza hayo. Lakini upo ugonjwa unaowashika vijana wa kiume katika umri wa kusoma chuo, kuanza kazi na kuposa, nao hautajwi majumbani mwetu kwa sababu ya mahali ulipo. Ugonjwa huo ni saratani ya korodani.

Saratani nyingi huwaandama zaidi watu wa makamo na wazee. Hii huwashika zaidi wanaume wenye umri wa kati ya miaka 15 na 40. Kwa watu wenye asili ya Afrika haijaenea kama ilivyoenea Ulaya ya Kaskazini, ila ipo, na uchache wake una hatari yake: si kijana, si wazazi wake, wanaoidhania. Katika mwambao wetu uvimbe wa korodani una majina mawili yaliyozoeleka, busha na ngiri. Mara nyingi majina hayo huwa sahihi, kwani matende na mabusha yanayoenezwa na mbu tunayajua tangu enzi za mababu. Lakini jina likikosewa, kijana hununua dawa ya ngiri kwa muuza mitishamba, akimaliza chupa ya kwanza huongeza ya pili, na miezi inakwenda. Wengine huambiwa wamerogwa, wakaanza safari za kwa waganga. Muda wote huo maradhi yanasonga mbele.

Dalili kuu ni uvimbe mgumu kwenye korodani moja, ambao mwanzoni huweza kuwa mdogo kama punje ya choroko, na kwa kawaida hauumi. Kutouma huko ndiko kunakowahadaa wengi, kwa kuwa tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. Wengine huhisi korodani imekuwa kubwa au nzito kuliko zamani, au huhisi maumivu ya kuvuta kwenye kinena na chini ya tumbo. Baadhi huvimba matiti. Ugonjwa ukishasambaa huweza kuleta maumivu ya mgongo, kikohozi na kukosa pumzi. Kijana aliyebaleghe anaweza kujikagua mwenyewe anapooga, azipapase korodani zake taratibu moja baada ya nyingine kwa kidole gumba na vidole vingine. Moja kuning'inia chini kidogo kuliko nyenzake si ugonjwa, na mshipa laini unaohisika kwa nyuma ni sehemu ya maumbile. Anachotafuta ni kitu kigumu ambacho hapo awali hakikuwapo.

Wazazi wa watoto wadogo nao wana wajibu wao. Mtoto ambaye korodani yake moja au zote mbili hazikushuka kwenye mfuko wake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani hii ukubwani. Upasuaji wa kuishusha hufanywa vizuri zaidi mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 18, na ukifanywa kabla ya kubaleghe hupunguza hatari hiyo. Basi mnapompeleka mtoto kutahiriwa, mwombeni daktari athibitishe kwamba zote mbili zimeshuka. Ni swali la dakika moja.

Tunajua kinachowanyamazisha vijana wetu ni haya, na haya tumefundishwa kuwa ni tawi la imani. Lakini tutazame namna maswahaba walivyoielewa. Bibi Ummu Sulaym (Radhi za Allah ziwe juu yake) alimwendea Mtume (Rehema na Amani zimshukie) akamuuliza waziwazi kuhusu mwanamke anayeota ndoto na kupata janaba, na Mtume akamjibu bila ya kumkemea. Bibi Aisha naye aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Ikiwa wao waliuliza mambo hayo mbele ya Mtume, mtoto wa kiume ashindweje kumwambia baba yake kwamba ameona uvimbe? Wanavyuoni wameruhusu mgonjwa kuifunua tupu yake mbele ya tabibu kwa kiasi cha dharura, na wanasema ni bora mwanamume atibiwe na mwanamume pale anapopatikana. Haya inatutaka tujisitiri, na haituamrishi kujiangamiza. Mtume mwenyewe aliwahimiza watu watafute tiba.

Hospitalini kijana hupimwa kwa altrasaundi na vipimo vya damu. Ikidhihirika kuwa kuna saratani, hatua ya kwanza kwa kawaida ni kuiondoa korodani iliyoathirika, na mkato hupitishwa kwenye kinena ili chembe za ugonjwa zisisambazwe. Hapa ndipo vijana wengi huogopa na kukimbia, wakidhani wanahasiwa. Kuhasi kumekatazwa katika dini yetu, lakini kuondoa kiungo kilichoharibika ili kuokoa uhai ni tiba. Katika tarekhe inapokewa kwamba Urwah bin Zubayr, mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa Madina, alikatwa mguu kwa ajili ya maradhi, akamshukuru Allah kwa viungo alivyobakishiwa. Korodani moja iliyo nzima kwa kawaida hutosheleza homoni za mwili, tendo la ndoa na uzazi. Aliyeondolewa moja ni mwanamume kamili. Anaoa, na anasalisha.

Saratani ikiwa imesambaa, mgonjwa hupewa dawa zinazopitishwa kwenye mshipa. Mwaka 1974, daktari Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alianza kuitumia dawa ya sisplatini pamoja na nyingine mbili. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa kumi ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, takriban mmoja ndiye aliyepona. Leo, penye tiba kamili, hupona wapatao wanane, na waliowahi mapema hupona karibu wote. Wapenzi wa soka watamkumbuka Sébastien Haller wa Ivory Coast. Julai 2022, siku chache baada ya kujiunga na Borussia Dortmund ya Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 28, aligundulika kuwa na saratani ya korodani. Alipasuliwa mara mbili na kupewa dawa hizo. Januari 2023 alirudi uwanjani, na tarehe 11 Februari 2024, mjini Abidjan, alifunga bao la ushindi dhidi ya Nigeria katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika.

Lakini kupona nako kuna mitihani yake. Mgonjwa hurudi kliniki kwa miaka kadhaa, na kila tarehe inapokaribia hofu humrudia. Baadhi hubaki na ganzi vidoleni au mvumo masikioni. Dawa huweza pia kupunguza mbegu za uzazi, kwa muda au moja kwa moja. Kwa hiyo kabla ya kuzianza, kijana amuulize daktari kuhusu kuhifadhi mbegu zake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu kwa haja mimba itungwe nje ya mwili pale mbegu na yai vinapokuwa vya mume na mke waliomo ndani ya ndoa, na mke huyo huyo akaibeba. Asiyeoa amuulize mapema mwanachuoni anayemwamini, kwa kuwa tiba haiwezi kusubiri sana.

Kisha huja posa. Mama, kwa huruma yake, huenda akasema, "Nyamaza mwanangu, wakijua watakukataa." Tunamheshimu mama huyo na uchungu wake, lakini ushauri huo tunauona si wa kheri. Jambo linaloweza kugusa uzazi ni haki ya mwenza kulijua kabla ya nikaha, na kulificha ni ghushi ambayo siku moja itamuumiza binti wa watu na kuivunja nyumba. Kijana aseme ukweli kwa utulivu, akiwa na maelezo ya daktari. Nanyi wazazi wa binti, msikilizeni mpaka mwisho. Wengi waliopona wamejaaliwa watoto, na kijana aliyesema ukweli mgumu kabla ya kuulizwa amekwisha kukuonesheni tabia yake. Mkikataa, sitirini siri yake. Isitoke barazani kwenu.

Akina baba, tunawausia mkae na vijana wenu waliobaleghe. Mmekwisha kuwafundisha josho la janaba; ongezeni maneno mawili matatu juu ya uvimbe usiouma. Akikwambia ameuona, usimtume kwa muuza dawa. Mpeleke mwenyewe hospitali ya wilaya au ya mkoa, ambako atapimwa na, ikibidi, atapewa rufaa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Na akilazwa, kaa naye.

Tunamwomba Allah (Subhaanahu Wataala) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na awahifadhi vijana wetu. Amin.