MWANDISHI WA RIBA SIKU HIZI HASHIKI KALAMU



Ndugu zangu katika imani, kijana mmoja mzaliwa wa Manyovu, huku kwetu mpakani na Burundi, amepata kazi Dar es Salaam kwenye kampuni kubwa ya simu. Anaandika programu, ngazi ya chini kabisa. Wazazi wake wameuza kahawa na maharage miaka mingi ili asome. Leo nyumba yao imeezekwa bati na wadogo zake wanalipiwa ada. Amepangwa kwenye timu ya mikopo ya simu. Akaniuliza kama mshahara wake ni halali, na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: "Ustadh, mimi ni mdogo tu pale. Naandika ninachoambiwa."

Jina lake silitaji, na ameridhia niandike. Ugomvi wangu leo si na yeye. Ni na hilo jibu, maana nalisikia kwa vijana wengi wa Kiislamu maofisini, na wazazi wao wanalipokea kama fatwa.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimlaani mwenye kula riba, mwenye kuilipa, mwenye kuiandika na mashahidi wake wawili, akawaweka wote sawa. Sasa mtazame vizuri huyo mwandishi. Hakukopa wala hakukopesha. Mtaji haukuwa wake, faida haikuwa yake. Aliitwa kwa sababu anajua kuandika, pengine akapewa ujira mdogo akarudi nyumbani. Huyo naye alikuwa anaandika alichoambiwa! Na bado akatajwa kwa kazi yake. Kama udogo wa cheo ungekuwa kinga, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kusalimika.

Wengine watasema: ile si riba, ni ada ya huduma. Haya, tuipime hoja hiyo. Chukueni M-Shwari ya Kenya, iliyoanza Novemba 2012 na ambayo masharti yake yalijulikana kwa kila mtu. Mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Ukikopa shilingi 1,000 ada ni 75. Ukikopa 20,000 ada ni 1,500. Muulize mwandishi wa programu: je, kompyuta ilifanya kazi mara ishirini zaidi kwa huyu wa pili? Atacheka. Mistari ya programu ni ileile, seva ni ileile, muda ni kufumba na kufumbua. Kilichobadilika ni kiasi cha deni tu. Na siku 30 zikipita hujalipa, deni linasogezwa mbele siku nyingine 30 na ada nyingine inapandishwa juu yake. Lipa au ongeza. Waarabu wa Jahiliya walikuwa na biashara hiyohiyo, tofauti ni kwamba hawakuwa na simu.

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikaa Amman mwaka 1986 na kulieleza jambo hili: anayekopesha anaweza kutoza gharama halisi za kuuhudumia mkopo, na kinachozidi hapo ni riba. Kwa hiyo mimi shekhe wa kijijini ninaweza kudanganywa na neno "ada". Yule aliyeandika mstari wa kuzidisha deni kwa asilimia hawezi kudanganywa. Yeye ndiye anayejua gharama haikuongezeka. Elimu yake imemwondolea udhuru ambao mama yake angekuwa nao.

Utasema hata ada ya kutuma pesa hupanda kwa kiasi. Ni kweli. Lakini ile ni ujira wa kazi, na ujira ni makubaliano ya muuzaji na mnunuzi wa huduma. Mkopo ni mlango mwingine kabisa: nyongeza yoyote iliyowekewa sharti ndani yake imekatazwa.

Na hapa niwageukie masheikh wenzangu wanaosema kazi yote ya kampuni za simu ni haramu, kijana aache kesho asubuhi. Taratibu! Kabla ya pesa ya simu, mtoto aliyeko Dar alimtumia mama yake wa Manyovu bahasha kwa dereva wa basi, na bahasha nyingine zilifika zimepungua. Anayeandika programu ya kutuma pesa, ya kupiga simu, ya kumrudishia mteja fedha iliyokosewa namba, anafanya kazi njema na mshahara wake ni halali. Kampuni moja ina meza mia. Huwezi kuzihukumu zote kwa uchafu wa meza moja.

Halafu tuambiane ukweli, maana msikitini tunapenda kumsema aliye mbali. Katika hadithi ile mlipaji wa riba ametajwa kabla ya mwandishi. Wangapi kati yetu tuna deni la Songesha hivi sasa, la kununulia vocha na soda? Mzee anakopa kwa kubofya, kisha anamwambia kijana wa watu amekula haramu. Mzee wangu, mko kwenye mstari mmoja, na wewe umetangulia.

Kwa aliye kwenye timu ile: omba kuhamishwa, kwa maandishi. Mtandao, malipo ya kawaida, huduma kwa wateja, sehemu zipo. Ukikataliwa, tafuta kazi nyingine ukiwa bado pale, bila kulaza wazazi njaa, lakini utafute kweli. Dharura hupimwa kwa kiasi chake. Miaka mitano ya "natafuta" bila kutuma barua hata moja, hiyo si dharura tena.

Na msidhani dini imeichukia kalamu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni, na ndani yake mwandishi ameamrishwa aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika. Kenya sasa kuna Halal Pesa, ya Safaricom na Gulf African Bank. Hapa kwetu Amana Bank ipo tangu 2011. Mifumo hiyo haikushuka kutoka mbinguni, watu walikaa wakaiandika. Enyi wafanyabiashara wa Kasulu, Kibondo na Ujiji, kila mwaka mnachangia mazulia ya msikiti, Allah awalipe. Mwaka huu nani atamlipia ada kijana mmoja asome fiqhi ya biashara pamoja na kompyuta? Anayetaka aniandikie faragha.

Wallaahu a'lam.