Kitenzi cha Maelekezo: Rai Kuhusu Ufundishaji wa Majaribio katika Sayansi za Jamii

Makala haya mafupi yanakusudia kutoa rai juu ya jambo linalopuuzwa tunapowafunza wanafunzi wa uzamili kubuni na kuendesha majaribio ya maabara katika sayansi za jamii, nalo ni lugha ya maelekezo anayosomewa mshiriki. Mwanafunzi wetu hufundishwa vyema kugawa washiriki kwa bahati nasibu, kutenga kundi linganishi na kukokotoa matokeo kwa tarakilishi. Maelekezo yenyewe huyaandika mwishoni, mara nyingi kwa Kiingereza, kisha humpa mtu ayatafsiri. Kwa maoni yangu, mpangilio huo ni kosa la kitaalamu, wala si suala la ufasaha tu.

Tuchukue mchezo wa kuaminiana, uliotokana na kazi ya Berg, Dickhaut na McCabe ya mwaka 1995. Mshiriki wa kwanza hupewa fedha, naye huamua ni kiasi gani kiende kwa mshiriki wa pili asiyemjua. Mtafiti hukizidisha kiasi hicho mara tatu, kisha yule wa pili huamua arudishe kiasi gani, au asirudishe kitu. Kinachotolewa mwanzoni huhesabiwa kuwa kipimo cha kuamini. Je, kitumike kitenzi kipi? Kupeleka, kutoa, kukopesha, kuwekeza na kukabidhi vyote vyaweza kukaa katika sentensi hiyo, na kila kimoja huja na wajibu wake. Aliyekopeshwa hudaiwa. Aliyepewa hadaiwi. Aliyekabidhiwa ana amana.

Lee Cronk alilidhihirisha jambo hili miongoni mwa Wamaasai wa Kenya katika utafiti aliouchapisha mwaka 2007. Nusu ya michezo ilichezwa bila kupewa jina. Katika nusu nyingine washiriki waliambiwa kuwa huo ni mchezo wa osotua. Neno hilo la Kimaasai asili yake ni kiungamwana, na hutaja uhusiano wa kuombana na kupeana kwa kadiri ya shida, usiohesabu deni. Msomaji aweza kudhani kwamba jina la udugu lingewafanya watu watoe zaidi. Ilikuwa kinyume: pande zote mbili zilitoa kidogo zaidi, na waliotangulia kutoa walitarajia kurudishiwa kidogo zaidi. Osotua huandamana na heshima na kujizuia. Mtu huomba kile anachohitaji tu, na hupewa hicho. Kanuni za mchezo hazikuguswa. Lililoongezwa ni neno moja.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kutumia lugha isiyoelemea upande wowote. Sina hakika kama lugha hiyo ipo. Jean Ensminger alipowachezesha Waorma wa Kenya mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, wenyewe waliuita mara moja mchezo wa harambee. Mshiriki asiyepewa jina hujitafutia. Hata jaribio la Gneezy, Leonard na List lililochapishwa mwaka 2009, ambamo Wamaasai wa Tanzania na Wakhasi wa India walirusha mipira ya tenisi ndani ya ndoo, lilihitaji maneno: kabla ya kurusha, kila mtu alipaswa kuelezwa tofauti ya kulipwa kwa kila mpira unaoingia na kulipwa kwa kumshinda mwingine.

Mimi mwenyewe niliyaona haya Arash, wilayani Ngorongoro, nilipofuatana na mwanafunzi aliyekwenda kuyapima maelekezo yake kabla ya utafiti. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili, 'mkopeshe mwenzio'. Mkalimani, kijana wa hapo hapo, akaleta kwa Kimaasai neno esile, yaani deni. Mtu wa pili akairudisha tafsiri katika Kiswahili, ikawa tena 'mkopeshe', na mwanafunzi akaridhika. Kisha mzee mmoja akauliza: 'Mwalimu, fedha hizi ni za nani? Na huyu asiporudisha, ng'ombe wa nani atachukuliwa?' Tafsiri ilikuwa sahihi kabisa. Swali la utafiti ndilo lililokuwa limekwisha kugeuka.

Ilikuwapo pia fomu ya ridhaa. Ifahamike kwamba Arash ni miongoni mwa kata za Loliondo zilizoguswa na uwekaji wa mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500 mwezi Juni 2022, na kwamba madai ya ardhi huko yana historia ndefu ya karatasi na sahihi. Mama mmoja alisema atacheza, lakini dole gumba hatii. Yule tuliyetaka kupima imani yake alikuwa ametupa jibu kabla hatujafungua bahasha za fedha, na katika daftari la mwanafunzi hapakuwa na safu ya kuliandika. Ilibidi aombe upya kibali cha ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi, akachelewa wiki kadhaa. Sioni kwamba wiki hizo zilipotea.

Wenzetu wa uchumi huhoji kwamba maelekezo yakibadilika kila mahali, matokeo hayalinganishiki. Hoja hiyo ina uzito. Lakini neno linaweza kufanywa sehemu ya jaribio, kama alivyofanya Cronk: yaandikwe maelekezo ya namna mbili, washiriki wagawanywe kwa bahati nasibu, tofauti ipimwe. Ni kweli kwamba idadi ya washiriki itapanda, na fedha za wanafunzi wetu ni chache. Basi swali na lipunguzwe. Aidha, maelekezo katika kila lugha iliyotumika yawekwe katika sura ya mbinu za utafiti, si kwenye viambatisho ambako watahini hatufiki, na mwanafunzi aulizwe kwa nini alichagua kitenzi hiki akaacha kile.

Yule mwanafunzi alibadili kitenzi, akaandika 'peleka'. Mzee alipoelezwa mchezo upya aliuliza tena fedha ni za nani. Habari za ng'ombe hakuziuliza.