Leza na Ngozi Nyeusi: Jibu kwa Hoja Potofu

Hoja iliyochapishwa kwamba leza ya kuondoa nywele haiwafai kabisa watu wenye ngozi nyeusi imezichukulia mashine zote kuwa moja. Mwanga wa leza hufyonzwa na melanini, yaani rangi asilia ya nywele na ngozi, ukageuka joto linalounguza mzizi wa unywele, kanuni ambayo watafiti Anderson na Parrish waliieleza mwaka 1983. Ni kweli kwamba mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 755 hufyonzwa mno na ngozi nyeusi, ukaacha malengelenge na mabaka, lakini ule wa nanomita 1064 hufyonzwa kidogo juu ya ngozi na kupenya hadi mzizini. Hatari kubwa, ambayo mwandishi wa hoja hiyo hakuigusa, ni mhudumu asiyejua tofauti hiyo. Mteja na aulize aina ya leza kabla ya kukubali kuhudumiwa.