Mashine ya Namba Haiponyi Foleni

Wasee, leo nitawaudhi watu wawili: yule wa hesabu na yule wa warsha.

Mwezi jana nilienda ofisi fulani kutafuta muhuri mmoja tu. Wamenunua mashine mpya ya kutoa namba, skrini kubwa ukutani, viti vinang'aa. Nilikaa masaa manne! Jamaa kando yangu anafanya kazi ya mjengo, analipwa kwa siku. Hiyo siku yake ilienda hivyo.

Nikamuuliza karani polepole, "Madam, shida ni nini?" Akanijibu, "Kijana wangu, sisi haturuhusiwi kuweka sahihi. Ni bosi tu, na bosi yuko mkutanoni."

Umeona? Mashine ilikuwa inapanga vizuri sana foleni ya kumngoja mtu ambaye hayupo.

Sisemi hesabu ni bure. Hesabu za foleni zilianza na Erlang, aliyekuwa akichunguza simu za Copenhagen mwaka wa 1909. Mwaka wa 1961 John Little akathibitisha kanuni rahisi: zidisha watu wanaoingia kwa saa na masaa ambayo kila mmoja anakaa, utapata wastani wa walio ndani. Wakiingia 30 kwa saa na kila mmoja akae masaa 2, ndani kuna watu 60. Ongeza viti upendavyo, bado ni 60. Cha kupunguza ni yale masaa.

Lakini kanuni haitakuambia kwa nini karani anaogopa kuweka sahihi. Hapo unahitaji njia kama ya Peter Checkland wa Lancaster, Uingereza: keti na wahusika, kila mtu aeleze anavyoiona hiyo kazi, ndio mkubaliane mabadiliko gani yanawezekana.

Watu wa warsha, msishangilie mapema. Nyinyi mnakunywa chai na mandazi, mnabandika vikaratasi ukutani, mnapiga picha, mnaenda nyumbani. Hakuna aliyepima kitu. Hizo ni porojo.

Dawa ni kuchanganya, na kwa mpango. Pima uone foleni inakwama wapi. Uliza watu inakwama kwa nini. Kisha rudi kwa hesabu: karani akiruhusiwa kumaliza faili rahisi, tutaokoa dakika ngapi? Jaribu wiki moja, pima tena.

Kuna wasomi wanaosema njia hizi mbili haziwezi kukaa pamoja, eti zinaangalia dunia tofauti. Buda, daktari hukuuliza unaumwa wapi, halafu anakutuma maabara. Umewahi kumwambia achague moja?

Kwa hivyo kiongozi akikuja na mashine mpya, usimpigie makofi bado. Muulize maswali mawili: ulipima nini, na uliongea na nani? Akikosa jibu la moja, jua ni pesa zako zimenunua skrini ya kukuonyesha vile unachelewa.