Mwenye presha naye anahitaji shamba darasa

Ndugu mkulima, mbegu mpya hukuikubali kwa kusoma kipeperushi. Uliikubali ulipoiona shamba darasa, kwa jirani yako. Basi kwa nini mwenye presha au kisukari apewe karatasi dirishani, foleni ikimsukuma nyuma?

Mama yangu mdogo ana presha. Aliambiwa apunguze chumvi, akapunguza ya chunguni. Samaki wa chumvi akaendelea nao, maana hakuna aliyemuuliza anakula nini. Alipojisikia vizuri akaacha vidonge. Presha haina kelele: inaweza kufika 180 kwa 110 na mtu yuko shambani analima. Aliyemrudisha kwenye dawa ni mwenzake wa kliniki, muuza nyanya, aliyemweleza kwa lugha ya sokoni kwamba yeye humeza vyake kila siku, ajisikie vibaya asijisikie.

Mimi si daktari, ni bwana shamba tu. Lakini naona siku ya kliniki wagonjwa wakae pamoja kwanza, hata nusu saa, waulizane, mhudumu awasahihishe. Karatasi ije baadaye, ya kumpelekea anayepika nyumbani. Nawe unayeuguza, kliniki ijayo nenda naye, umtajie mhudumu mlichokula jana.