Kiingereza cha maabara
Katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania, sayansi hufundishwa kwa Kiswahili. Lakini kidato cha kwanza maelekezo ya maabara huja kwa Kiingereza. Jaribio la wanga kwenye jani linafaa kuanzia kufundisha Kiingereza hicho. Mwalimu hulichemsha jani mbele ya darasa, akalitia kwenye spiriti iliyopashwa kwa maji ya moto (si juu ya moto wenyewe, maana hulipuka), akalisuuza na kulidondoshea iodini, huku akitaja kila tendo kwa Kiingereza. Wanafunzi hubishana kwa Kiswahili kwa nini sehemu fulani zimegeuka bluu nyeusi; kuwanyamazisha hapo ni kuliua somo. Sentensi za Kiingereza huziandika baadaye, wakijaza mapengo yaliyoachwa ubaoni.